Mtandao wa giza na kadi ya mpiga kura ya mtu wa Kisangani

Maswali matatu huulizwa Kisangani kila mtandao wa giza unapotajwa. La kwanza: kuweka VPN au Tor kwenye simu ni kosa? La pili: ukiingia huko kutazama tu, unaweza kufungwa? La tatu huulizwa kwa sauti ya chini, na mtu aliyekwisha kuumia: pesa zangu za M-Pesa zimetoweka, ni wale wa mtandao wa giza? Vijiweni maswali yote matatu hupata jibu moja, kwamba ni hatari. Jibu hilo lina ukweli, ila ni pana mno. Mtu hajui ajikinge na nini, wala dhidi ya nani. Ndiyo maana mwanafunzi anaogopa programu ambayo sheria haikuitaja, huku mama yake anampa kijana wa barabarani kadi yake ya mpiga kura aipige picha kwa simu yake binafsi, na nyumbani hakuna anayeshtuka.

Hatari za kisheria ni jambo moja, hatari za usalama ni jambo jingine, na ubishi mwingi unatokana na kuzichanganya. Hoja yangu naiweka wazi tangu sasa ili msomaji aipime njiani: kwa mtu wa Kisangani, hatari ya kuingia kwenye mtandao wa giza ni ndogo kuliko hatari ya vitu vyake kuingizwa huko bila yeye kujua.

Bahasha tatu mtoni

Kuna intaneti ambayo Google haiioni, na sehemu kubwa yake haina ubaya wowote. Barua pepe yako, salio lako la Airtel Money, faili za mgonjwa hospitalini zilizofungwa kwa neno la siri, hayo yote yamefichwa kwa sababu yanapaswa kufichwa. Mtandao wa giza ni kipande kidogo kilichomo humo. Ni tovuti, nyingi zikiwa na anwani zinazoishia na .onion, ambazo hazifunguki bila programu maalumu. Inayojulikana kuliko zote ni Tor.

Namna Tor inavyofanya kazi inaeleweka vizuri na mtu wa mtoni. Tuseme unataka kupeleka barua Mbandaka, na hutaki yeyote njiani ajue imetoka kwa nani na inakwenda kwa nani. Unaitia ndani ya bahasha tatu. Baharia wa kwanza anaichukua Kisangani hadi Isangi. Bahasha ya nje inamwambia tu amkabidhi mtu wa Isangi. Yule wa Isangi anafungua ya kwanza na kukuta jina la mtu wa Bumba, basi. Wa Bumba anafungua ya pili, anakuta anwani ya Mbandaka, lakini hajui kama barua ilianzia Kisangani au Basoko. Kila mmoja anamjua aliyempa na anayempa. Safari nzima haijulikani na yeyote.

VPN ni kitu kingine, ingawa watu huvitaja pamoja. VPN ni mchukuzi mmoja tu. Anajua ulipotoka na unakokwenda, na wewe umeamua kumwamini yeye badala ya kampuni ya simu. Akiwa mwaminifu, umefaulu. Akiwa mwizi, umempa mzigo wako wote mkononi.

Mwanzo wa Tor huwashangaza wengi. Wazo lake lilizaliwa katikati ya miaka ya 1990 kwenye maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, na tangu 2006 inasimamiwa na shirika lisilo la faida. Kwa nini wanajeshi waliitoa kwa watu wote? Kwa sababu mtu mmoja aliyefunika uso sokoni ndiye anayeonekana kuliko wote. Pazia hilo linafanya kazi pale tu linapotumiwa na watu wengi wa kila aina, wema kwa waovu. Hapo ndipo ulipo mzizi wa ubishi wote: huwezi kumtoa mwovu ukamwachia mwema, kwa kuwa kila mmoja amejificha nyuma ya mwenzake.

Tena pazia hilo lina mipaka yake. Kampuni ya simu haioni unachosoma, lakini inaweza kuona kwamba unatumia Tor. Ukijaza jina lako halisi huko ndani, bahasha tatu hazikusaidii kitu. Na intaneti ikikatwa moja kwa moja, Tor na VPN zote zinanyamaza, kwa sababu njia yenyewe haipo.

Kosa liko kwenye tendo

Sheria kuu ya Kongo katika mambo haya ni Amri-Sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayoitwa Kanuni ya Kidijitali. Ilitanguliwa na sheria ya mawasiliano namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020. Kwa swali la kwanza, Kanuni hiyo haitaji Tor kwa jina. Inachoadhibu ni matendo: kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa, kunasa mawasiliano, kuharibu au kuiba data, udanganyifu kwa kompyuta, kuiba utambulisho wa mtu, na picha za ngono za watoto. Tendo likifanywa kupitia Facebook au kupitia .onion, ni tendo lile lile.

Basi swali la pili linajibika kwa sehemu. Kutazama ukurasa wa kawaida kwa Tor, mathalani tovuti ya BBC ambayo tangu 2019 ina anwani yake ya .onion, hakumfanyi mtu kuwa mhalifu. Lakini neno "kutazama tu" linadanganya. Anayefungua ukurasa wa picha za unyanyasaji wa watoto anaweza kuacha nakala zake kwenye simu au kompyuta yake, na kumiliki nakala hizo ni kosa. Sheria ya kulinda mtoto namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ilikuwepo muda mrefu kabla ya Kanuni ya Kidijitali. Anayenunua namba za kadi za benki zilizoibwa ananunua mali ya wizi, na Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1940 inamjua mpokeaji wa mali ya wizi tangu enzi za wakoloni. Anayezungusha pesa za mauzo hayo anakutana na sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha, namba 22/068 ya tarehe 27 Desemba 2022.

Kisha kuna kosa la kimahesabu ambalo wanunuzi wengi duniani wamelilipia. Walidhani soko la giza ni mahali pasipo polisi. Mwezi Juni 2017 polisi wa Uholanzi walilitwaa soko lililoitwa Hansa kimyakimya, wakaliendesha wenyewe kwa takriban mwezi mzima. Katika kipindi hicho polisi wa nchi nyingine walilifunga soko kubwa zaidi, AlphaBay, na wateja wake wakakimbilia Hansa, moja kwa moja mikononi mwa polisi. Anwani za kupelekewa bidhaa zikaandikwa moja moja. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2019, ilitangazwa kwamba watu 337 wamekamatwa katika nchi 38 kwa sababu ya tovuti moja ya Korea Kusini iliyouza video za watoto wanaonyanyaswa. Kilichowafichua ni malipo yao ya bitcoin, sarafu ambayo watu huidhania haina alama, na kumbe kila muamala wake umeandikwa kwenye daftari ambalo dunia nzima inaweza kulisoma.

Wanaotaka mlango ufungwe

Msimamo wa kwanza unasema serikali ipige marufuku Tor na VPN, iwatake watoa huduma wazizuie, na anayekamatwa nazo aeleze sababu. Wanaoushikilia hawazushi hofu yao. Tshopo, mkoa wa Kisangani, imepakana na Ituri, Kivu Kaskazini na Maniema, mikoa inayojua vita kwa karibu. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na mwezi Machi waasi hao wakaingia Walikale, kwenye barabara ya kuja Kisangani. Mji uliopigwa mabomu na majeshi ya Rwanda na Uganda kwa siku sita mwezi Juni 2000 hauhitaji kuelezwa maana ya adui kupanga mambo yake gizani.

Nguvu ya msimamo huu iko kwenye madhara, na madhara ni ya kweli. Magenge yanayofunga kompyuta za kampuni na kudai fidia huweka kurasa zao za vitisho kwenye mtandao wa giza: lipa, la sivyo data za wateja wako tunazimwaga hapa. Mwezi Julai 2021 shambulio la mtandaoni lilisimamisha shughuli za shirika la Transnet la Afrika Kusini, na bandari ya Durban, inayopitisha shaba na kobalti ya Katanga, ikayumba. Aprili 2023 kampuni ya maduka makubwa ya Naivas ya Kenya ilikiri kwamba wavamizi wameiba data zake. Mambo haya hayako Ulaya peke yake.

Udhaifu wake uko kwenye dawa. Kwanza, kuzuia kunawakamata wasio na ujuzi na kuwaacha wenye ujuzi. Mhalifu wa kazi anajua njia za pembeni, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani (UNIKIS) anayetafuta makala hazijui. Pili, Kongo imekwisha kujaribu dawa kali kuliko hiyo. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa, ikarudi baada ya siku kama 20. Watu wa Goma na Bukavu waliweza kutafuta laini za Rwanda, na wa Kinshasa za Brazzaville. Kisangani, katikati ya nchi, haina mpaka wa kukimbilia. Mji ukakaa kimya, na wafanyabiashara wanaoagiza mzigo kwa WhatsApp wakakaa kimya pamoja nao.

Tatu ni jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Mwanzoni mwa 2025, vita vilipopamba moto mashariki, mtandao wa X na duka la programu la Google Play vilizuiwa nchini. Mtu anayetaka VPN na haoni duka afanyeje? Anamwomba rafiki amrushie faili kwa Xender au kwa WhatsApp. Faili limetoka kwa mtu aliyelipata kwa mtu mwingine, na hakuna ajuaye lilianzia wapi. Duka la Google lina kasoro zake, lakini angalau hukagua programu kabla ya kuziuza. Mnyororo wa marafiki haukagui chochote. Kinachoingia simuni kinaweza kuwa VPN ya kweli, na kinaweza kuwa programu ya kuiba maneno ya siri iliyovaa nguo za VPN. Katazo lililowekwa kwa jina la usalama likawa limewasukuma watu kwenye mlango ule ambao data zao zinatokea kwenda gizani.

Wanaotetea pazia

Msimamo wa pili unasema mtu hana namna nyingine ya kusema ukweli katika nchi ambayo ukweli unaadhibiwa. Hawa nao hawasemi hewani. Wafanyakazi wawili wa benki moja ya Kinshasa, Gradi Koko na Navy Malela, walitoa nyaraka kuhusu mtandao wa fedha wa mfanyabiashara Dan Gertler. Mwaka 2020 mahakama ya Kinshasa iliwahukumu adhabu ya kifo wakiwa hawapo, na habari hiyo ikajulikana mwaka 2021 walipokuwa tayari uhamishoni Ulaya. Novemba 2021 uchunguzi ulioitwa Congo Hold-up ulichapishwa kutokana na nyaraka milioni 3.5 kutoka ndani ya benki ya BGFI, zilizopatikana kupitia jukwaa la kuwalinda watoa siri barani Afrika, PPLAAF, na gazeti la Mediapart. Fedha zilizozungumziwa humo zilikuwa za umma wa Kongo, na raia wa Lubunga, hapa Kisangani, naye ana sehemu yake ndani yake.

Hapo ndipo pazia linapopata thamani. Vyombo vikubwa vya habari duniani hupokea nyaraka kupitia sanduku la siri linalofunguka kwa Tor tu, ili hata mhariri asijue mtoaji ni nani. Asichokijua hawezi kulazimishwa kukisema.

Watetezi hawa wana hoja nyingine ya kisheria, nayo ndiyo yenye uzito zaidi kwangu. Kifungu cha 360 cha Kanuni ya Kidijitali kinampa kifungo cha mwezi mmoja hadi sita, au faini ya faranga za Kongo 500,000 hadi 1,000,000, au vyote viwili, mtu anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu kwa njia ya elektroniki. Nani anaamua uongo ni upi? Tarehe 8 Septemba 2023 mwandishi Stanis Bujakera, wa Actualite.cd na Jeune Afrique, alikamatwa Kinshasa kwa ajili ya hati iliyohusisha ujasusi wa jeshi na kifo cha mwanasiasa Chérubin Okende. Upande wa mashtaka ulidai kwamba alama za kiufundi zinaonyesha hati ilianza kusambaa kutoka kwake kwa Telegram. Shirika la Reporters sans frontières lilizipinga alama hizo kwa hoja za kiufundi. Mwendesha mashtaka aliomba miaka 20; tarehe 18 Machi 2024 mahakama ikatoa miezi 6, ambayo alikuwa amekwisha kuikaa gerezani Makala, na kesho yake akatoka.

Kesi hiyo haikuhusu mtandao wa giza hata kidogo. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha hatari ya kisheria iliyo kubwa kuliko zote: hakimu anayeletewa namba ya anwani ya intaneti au alama ya faili, na hana mtaalamu asiye na upande wa kumwambia kama inathibitisha kitu. Kama ushahidi wa Telegram, inayotumiwa na kila mtu, ulizua ubishi wa namna ile, ushahidi wa Tor utafanya nini mbele ya mahakama ya mkoa? Mtu aliyekutwa nayo simuni ataonekana ana cha kuficha, na hapo tayari ameshahukumiwa nusu.

Udhaifu wa msimamo huu nao usifunikwe. Pazia lile lile liliwafunika wale 337 mpaka pesa zao zilipowasaliti. Watetezi wengine husema maovu ni bei ya uhuru, wakasahau kwamba bei hiyo wameilipa watoto ambao hakuna aliyewauliza. Tena wanawauzia vijana usalama ambao haupo. Anwani ya .onion ya sasa ina herufi na tarakimu 56 zisizo na maana, hakuna anayeikariri, na matapeli hutengeneza anwani zinazofanana na ile halisi katika herufi chache za mwanzo, wakijua macho ya mtu hayafiki mwisho. Mwandishi wa habari aliyefundishwa vizuri atalinganisha moja moja. Kijana mwenye mega 50 zilizobaki na betri ya asilimia 12 atabonyeza.

Wanaosema hayatuhusu

Msimamo wa tatu hausikiki kwenye mijadala, lakini ndio wa watu wengi: hayo ni mambo ya wazungu na kompyuta zao, sisi wizi wetu uko WhatsApp. Una nguvu kuliko unavyodhaniwa.

Chukua biashara inayoigusa Tshopo moja kwa moja, ya pembe za ndovu, magamba ya kakakuona na kasuku wa kijivu. Sheria ya uhifadhi namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inawalinda wanyama hawa, na tangu Januari 2017 kakakuona na kasuku wa kijivu wako kwenye orodha kali zaidi ya mkataba wa CITES. Mtu angetegemea biashara hiyo ijae mtandao wa giza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, walipoitafuta huko mwaka 2016 hawakuona karibu kitu. Interpol nayo, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017, ilipata matangazo 21 tu kwa miezi kadhaa. Sababu ni rahisi: mfanyabiashara hapotezi muda kujificha mahali ambapo hakuna anayemtafuta. Novemba 2021 wanaume wawili wa Kinshasa walikamatwa katika mji wa Edmonds, Marekani. Pembe walizosafirisha zilikuwa zimekatwa vipande na kupakwa rangi nyeusi ili zifanane na mpingo. Baada ya hapo, Kinshasa, zikakamatwa pembe zaidi, kilo 938, na kilo 34 za magamba ya kakakuona. Rangi nyeusi na ndege ya mizigo zilitosha.

Hata bidhaa nyingine za soko la giza zinahitaji posta inayoleta bahasha mlangoni. Mtu wa Mangobo au Kabondo hapa mjini haletewi bahasha mlangoni. Kwa hiyo wanaposema Kisangani si soko la wanunuzi wa gizani, nakubaliana nao.

Kosa lao ni kudhani kwamba asiyenunua hauzwi.

Mezani, chini ya mwavuli

Tutazame kitu kimoja kwa karibu. Meza ya mbao, mwavuli wenye rangi ya kampuni ya simu, kiti cha plastiki, kijana mwenye simu mbili. Mteja anataka laini mpya. Anatoa kadi yake ya mpiga kura, ile ya tume ya uchaguzi, CENI, ambayo kwa Wakongo wengi ndiyo kitambulisho pekee walichonacho: jina, siku ya kuzaliwa, majina ya wazazi, anwani, picha. Kijana anaipiga picha mbele na nyuma. Mara nyingine mtandao unasumbua, basi anasema atamalizia usajili jioni. Mteja anaondoka. Picha inabaki kwenye simu ya kijana.

Haihitaji kijana awe mwizi. Inatosha simu yake iwe na ile VPN iliyorushwa kwa Xender. Programu ya kuiba data haimtafuti yeye. Inakusanya kila inachokikuta, picha, maneno ya siri yaliyohifadhiwa, akaunti zilizofunguliwa, kisha inavituma kwa mtu asiyejua Kisangani iko bara gani. Mtu huyo haibi pesa yeye mwenyewe. Anauza furushi. Aprili 2023 polisi wa nchi 17 walilifunga soko lililoitwa Genesis, lililokuwa na maneno ya siri na vitambulisho vya kuingilia akaunti zaidi ya milioni 80, kutoka kwenye kompyuta zaidi ya milioni 1.5 duniani. Bei ya furushi moja ilianzia senti 70 za dola. Umaskini wa mtu haumkingi kwa bei hiyo. Mnunuzi hahitaji wewe uwe tajiri. Anahitaji jina halisi la kufungulia laini, akaunti, au mkopo.

Ongeza mazingira ya mji. Umeme wa kituo cha Tshopo hukatika, na watu huacha simu zao kwenye vibanda vya kuchajia, kumi au ishirini kwenye ubao mmoja, nyingine hazina hata neno la siri. Kwenye vibanda vya fotokopi diploma na vyeti vya kuzaliwa hubaki ndani ya kompyuta ambamo kila mteja huchomeka flashi yake ya USB. Namba ya siri ya pesa za simu hutajwa kwa sauti mbele ya wakala kwa sababu mzee haoni vizuri. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyewahi kulisikia neno Tor.

Jibu la swali la tatu linatoka hapo. Aliyekomba M-Pesa yako huenda ni mtu wa karibu aliyeiona namba yako ya siri, na mara nyingi ndivyo. Lakini laini aliyopigia simu ya kukulaghai inaweza kuwa imesajiliwa kwa kadi ya mtu mwingine, na polisi wakiifuata watafika kwa mwenye kadi. Hapo hatari ya usalama inageuka kuwa hatari ya kisheria: mtu asiyejua lolote anaitwa parke, kwa mwendesha mashtaka, kueleza laini ambayo hajawahi kuishika.

Uzito wa kila upande

Wanaotaka mlango ufungwe wako sahihi juu ya ubaya uliomo, na wamekosea juu ya kufuli. Kuzuia chombo kunawagharimu wasio na hatia zaidi, na uzoefu wa Google Play umeonyesha kwamba kunaweza kuongeza wizi uleule unaoogopwa. Vita vinaipa serikali haki ya kufuatilia watu maalumu kwa amri ya hakimu. Haviipi sababu ya kumgeuza kila mwenye VPN kuwa mshukiwa.

Watetezi wa pazia wako sahihi kwamba sheria iadhibu tendo na iache chombo, na kwamba Kifungu cha 360 kina mlango mpana mno. Wanadaiwa mambo mawili: wakiri waziwazi madhara kwa watoto, na waache kuwaambia vijana kwamba Tor ni kinga ya kila kitu. Kwa mwandishi au mtoa siri aliyefundishwa, faida inazidi hatari. Kwa mwanafunzi anayeingia kwa udadisi, sioni faida anayoipata huko ambayo intaneti ya kawaida haimpi, na anwani moja ya uongo inatosha kumwachia simu yenye ugonjwa. Simshauri aingie, na sababu yangu ni usalama wake kuliko sheria.

Wanaosema hayatuhusu wako sahihi kuhusu soko na wamekosea kuhusu bidhaa. Bidhaa ni sisi.

Kama nguvu za serikali ni chache, na ni chache, basi ziende mahali penye madhara makubwa zaidi. Kanuni ya Kidijitali ina sehemu nzima inayolinda data za mtu binafsi. Sehemu hiyo ndiyo ya kufufuliwa Tshopo kabla ya kuwaza kufunga Tor. Kampuni za simu ziwajibike kwa kila picha ya kadi inayopigwa chini ya miavuli yao, zitoe programu ya usajili isiyoacha nakala kwenye simu ya muuzaji, na zilipe inapovuja. Mahakama zipate wataalamu wasio wa upande wowote kabla ya kupokea alama za kiufundi kama ushahidi. Kitivo cha sheria cha UNIKIS na wale wanaofundisha informatiki wanaweza kukaa meza moja na kuwaandaa watu hao hapahapa, bila kusubiri Kinshasa.

Nawe msomaji, kuna jambo moja unaloweza kulifanya leo bila kusubiri yeyote kati yao. Ukipeleka kadi yako mezani, muulize kijana picha anaiweka wapi, na usinyanyuke kitini mpaka usajili umekamilika na picha ameifuta mbele ya macho yako.